Baridi ya Mlima Haitatulinda Peke Yake

Nataka tuzungumze juu ya milima yetu na juu ya mimea inayoipanda kila masika bila kupigiwa kelele na mtu yeyote, yaani magugu vamizi.

Sizungumzii majani tunayopalilia kwenye mahindi kila msimu. Nazungumzia mimea iliyotoka mbali, ikafika kwetu bila wadudu wala maradhi yaliyokuwa yakiipunguza huko kwao, ikapata nafasi na kuanza kuzaana kwa wingi hata ikaisonga mimea ya asili. Si kila mmea wa kigeni ni gugu vamizi. Mahindi, maharage na viazi vyote vilitoka Amerika, na leo ndivyo vinavyotulisha. Gugu vamizi ni lile linalotoka shambani au bustanini, likajiotea lenyewe msituni, malishoni na kandokando ya mito, likaharibu riziki ya watu na makazi ya viumbe wengine.

Watu wengi wa milimani wamezoea kuamini kwamba magugu hayo ni taabu ya watu wa tambarare. Huku juu kuna baridi, husema, na baridi haiyataki. Imani hiyo ilikuwa na ukweli wake. Leo nitaeleza ukweli huo ulikuwa upi, na kwa nini hautoshi tena.

Chukua barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara Magharibi. Mombo iko chini, kiasi cha mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake wasafiri wa barabara kuu ya Moshi wanalijua. Lushoto iko kwenye mita kama 1,400. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa wastani wa kama nyuzi 0.6. Kwa hiyo katika safari ya kilomita zisizozidi 40, yenye kona nyingi na maporomoko ya maji ya Soni njiani, umepoteza joto la nyuzi kama 6. Ndiyo maana abiria aliyepanda gari na shati jepesi Mombo hushuka Lushoto akitafuta sweta.

Mimea nayo hupita katika mabadiliko hayohayo. Mbegu iliyozoea joto la Mombo ikifika Lushoto huchelewa kuota, mche wake hukua polepole, na msimu unaweza kwisha kabla haujatoa mbegu. Ukipanda zaidi, kama kule Njombe na Makete, baadhi ya asubuhi za Juni na Julai umande huganda ukawa mweupe juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu, na mmea laini wa nchi za joto hauivumilii. Kwa miaka mingi, basi, baridi imefanya kazi ya mlinzi wa lango: imeyaruhusu magugu machache na kuyarudisha mengi.

Watafiti wa mimea wamelichunguza jambo hili katika mabara mbalimbali. Tangu mwaka 2005 wako chini ya mtandao wa kimataifa uitwao MIREN, unaofuatilia mimea vamizi ya milimani. Njia yao ni rahisi kueleza: wanachagua barabara zinazopanda mlima, wanapima vipande vya ardhi kandokando yake kuanzia chini hadi juu, wanahesabu mimea ya kigeni, na baada ya miaka kadhaa wanarudi palepale kuhesabu tena.

Jambo la kwanza waliloliona linatuhusu sana. Mimea ya kigeni inayopatikana juu ya mlima, kwa sehemu kubwa, ni ileile inayopatikana chini. Si mimea maalumu ya nchi za baridi. Ni mimea migumu, inayovumilia joto na baridi, iliyoanzia mabondeni, bandarini na mijini, ikapanda hatua kwa hatua. Kadiri unavyopanda, aina zinapungua, kwa sababu kila mwinuko unazichuja. Maana yake ni kwamba gugu litakalosumbua kijiji cha juu mwaka ujao, kwa kawaida, leo hii liko kituo cha mabasi cha chini.

Jambo la pili ni la kutia wasiwasi. Mwaka 2023 watafiti hao walitoa matokeo ya kazi yao katika maeneo 11 ya milima ya mabara matano, kazi waliyoianza mwaka 2007. Waliona kwamba idadi ya aina za mimea ya kigeni kandokando ya barabara hizo inaongezeka kwa wastani wa kama asilimia 16 kwa kila miaka kumi. Waliona pia kwamba katika maeneo mengi kati ya hayo, mimea ya miinuko ya chini na ya kati imesogea juu kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati tu.

Kwa nini inapanda? Sababu moja ni joto la dunia. Hewa ikiongezeka nyuzi joto moja, kwa hesabu ile ya Mombo na Lushoto, ni kama kwamba mlima mzima umeshushwa mita 150 na zaidi. Mahali palipokuwa na baridi ya kuzuia mche usikomae, sasa mche unakomaa. Lakini tusikimbilie kulaumu joto peke yake, kwa sababu mbegu haitembei kwa miguu. Kuna mimea mingi ambayo tangu zamani ingeweza kuishi juu kuliko ilipo, ila ilikuwa haijafikishwa huko. Tunaoifikisha ni sisi, na hilo ndilo ninaloomba ulishike leo: hali ya hewa ndiyo inayoamua gugu linaweza kuishi wapi, lakini mwanadamu ndiye anayeamua kama litafika na kama litakuta ardhi iliyo wazi.

Tuchukue mfano wa gugu karoti. Asili yake ni Mexico na nchi nyingine za Amerika ya joto. Kwetu Tanzania lilitambuliwa Arusha mwaka 2010, na wenzetu wa Kenya na Ethiopia walikuwa nalo kabla yetu. Likiwa changa hulitilii maanani. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, yamelala karibu na udongo. Mvua ikinyesha, shina linainuka, linatoa matawi mengi, na juu yake vinatokea viua vyeupe vidogo sana, vingi mno. Linaweza kuanza kuchanua likiwa na umri wa wiki nne tu. Mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000. Mbegu zenyewe ni ndogo kiasi kwamba zikichanganyika na tope la tairi, huzioni.

Gugu hilo linaponyima mazao nafasi, madhara hayaishii shambani. Mtu anayeling'oa mikono mitupu mara kwa mara anaweza kupata muwasho na vipele vibaya vya ngozi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota jirani yake. Malisho yaliyovamiwa na gugu karoti yanaweza kuonekana ya kijani kabisa, na mifugo ikakosa cha kula.

Sasa angalia jinsi hali ya hewa ya siku hizi inavyolisaidia. Ukame ukija, nyasi za asili zinaliwa hadi kwenye mizizi na ardhi inabaki wazi. Mvua zikija baadaye, mara nyingi huja kwa nguvu na kwa muda mfupi. Nyasi zetu za kudumu zinahitaji muda kurudi. Gugu linalomaliza maisha yake ndani ya wiki chache halihitaji muda huo. Linaota, linachanua na kumwaga mbegu kabla nyasi hazijasimama. Kila mzunguko wa ukame na mvua kubwa unalipa nafasi nyingine.

Na ukame unaleta jambo jingine. Mfugaji wa mlimani aliyekosa majani huagiza marobota ya nyasi kavu kutoka tambarare. Mwenye ng'ombe wa ndani hutembea mbali zaidi kukata majani ya kandokando ya barabara, akayafunga mzigo na kuyapandisha nyumbani. Hana kosa, anaokoa mifugo yake. Lakini majani yaliyokatwa yakiwa na maua na mbegu hupanda mlima pamoja na mbegu hizo, na samadi na mabaki yake huishia shambani. Hivyo ukame wenyewe unaweza kuleta gugu jipya kijiji cha juu.

Barabara nayo ina sehemu yake. Tunazihitaji barabara, wala sisemi zisijengwe. Lakini greda likishakwangua ukingo, linaacha udongo mtupu, wenye jua na wenye maji ya mtaro, ambapo hakuna mmea wa asili wa kushindana na magugu. Lori likileta moramu kutoka machimbo yenye magugu, linamwaga mbegu kilomita baada ya kilomita. Ndiyo maana lantana, kichaka kile chenye maua yanayobadilika rangi na vitunda vyeusi, huanza kuonekana kando ya barabara kwanza. Kutoka hapo ndege wanakula vitunda, wanabeba mbegu hadi ukingo wa msitu. Lantana haipendi sakitu kali, na hilo limeyaokoa maeneo mengi ya juu. Lakini ikikatwa bila kung'olewa, shina linachipua upya, na mifugo ikiila hupata sumu inayoifanya ngozi iungue kwa jua.

Tupande sasa Kilimanjaro. Mlima huu unapotajwa pamoja na mabadiliko ya tabianchi, watu hutaja barafu, na ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Lakini kwa mkulima wa Marangu au Machame, msitu ulio chini ya barafu una uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ndio unaokusanya mvua na ukungu na kuvipeleka kwenye chemchemi na mifereji. Mtafiti Mjerumani Andreas Hemp, ambaye ameufuatilia mlima huo kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba ukavu umeongeza mioto katika misitu ya juu, na mioto hiyo imeushusha mpaka wa juu wa msitu. Sote tunaukumbuka moto wa Oktoba 2020. Watu walitegemea kwamba dunia ikipata joto miti itapanda juu. Kilimanjaro, kwa sababu ya moto, miti imeshuka.

Mlima huohuo umepata mgeni mwingine. Ni nyasi ndogo ya Ulaya ambayo wataalamu huiita Poa annua, unayoweza kuikanyaga bila kuiona. Imeenea kufuata njia za wapanda mlima, na inaonekana kwenye vituo na kambi, mahali panapokanyagwa sana. Haikufika huko kwa upepo. Imebebwa na viatu, mahema na mizigo. Kwa sababu asili yake ni nchi za baridi, baridi ya mlima haiizuii hata kidogo.

Hapo tunaona kwamba kuna kundi la pili la wavamizi, lile ambalo halikulazimika kuanza chini. Tuliliweka katikati ya mlima kwa mikono yetu. Miwati ni mfano mzuri. Mti huu ulitoka kusini-mashariki mwa Australia, ukapandwa Lushoto, Njombe na nyanda za juu za Kenya kwa ajili ya magome yake ya kulainishia ngozi, kuni na mkaa. Umewasaidia watu wengi, na hilo lisemwe. Lakini mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai, na moto ukipita, joto lake hupasua ganda gumu na mbegu zinaota kwa pamoja. Kwa mti wa namna hii, msimu mkavu wenye mioto ni neema. Anayechoma mlima ili kusafisha shamba huenda anapanda miwati bila kukusudia.

Mfano mwingine uko Amani, Usambara Mashariki. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo pale, wakakusanya mimea kutoka pembe nyingi za dunia. Miongoni mwa miti iliyoletwa ni ule ambao Waganda huuita musizi. Ni mti wa Afrika hiihii, wa magharibi na katikati ya bara, lakini si wa Usambara. Ulikaa bila kusumbua mpaka msitu ulipokatwa kwa ajili ya mbao. Jua likafika chini, na musizi, ambao hukua haraka penye mwanga, ukaingia kwenye mianya. Hondohondo wakapenda matunda yake, wakawa wanameza na kudondosha mbegu ndani ya msitu. Chini ya miti kukaingia pia kichaka kiitwacho Clidemia, chenye majani yenye vinyweleo, kutoka Amerika ya joto. Baridi haikuwa na la kufanya, kwa sababu Amani iko kwenye mita 900 hivi, ina joto la wastani na unyevu mwingi. Kilichokuwa kikiizuia mimea hiyo ni msitu uliofunga. Tulipoufungua msitu, tulifungua njia.

Kwa nini tuyajali haya? Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa, ikiwamo ya Usambara, imepata unyevu wa Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka. Hata nyakati ambazo sehemu kubwa za Afrika zilikauka, misitu hii iliendelea kupata mvua. Uthabiti huo wa hali ya hewa ndio ulioifanya iwe na mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine popote. Urujuani wa Usambara, ua linalopandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote, chimbuko lake ni miamba yenye kivuli ya misitu hii. Na si maua tu. Mto Zigi unaotoka Amani ndio unaopeleka maji jijini Tanga. Mtu wa Tanga anayefungua bomba anategemea msitu ambao pengine hajawahi kuuona.

Msikilizaji, tufanye nini? Joto la dunia halitashushwa na kijiji kimoja, wala na nchi moja ya kwetu. Lakini njia ambazo magugu hupitia ziko mikononi mwetu.

Kwanza, tupigane na magugu chini ya mlima. Halmashauri za wilaya zenye milima zichague vituo vya mabasi, magulio, machimbo ya moramu na kilomita za mwanzo za barabara, zihakikishe magugu yanang'olewa hapo kila mwaka kabla hayajachanua. Kazi ya siku mbili bondeni inaweza kuokoa kazi ya miaka kumi mlimani. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, mikataba ya barabara za milimani iwe na sharti la kuosha mitambo kabla ya kupanda, kukagua moramu, na kupanda nyasi za asili kwenye kingo mara kazi inapokwisha. Ukingo uliofunikwa hauna nafasi ya mvamizi.

Tatu, mfugaji akague majani anayonunua. Majani yenye viua vyeupe vya gugu karoti yarudishwe. Ukilikuta gugu hilo shambani, ling'oe kabla halijachanua, udongo ukiwa na unyevu, ukiwa umevaa glovu na kufunika pua na mdomo. Usiwape watoto kazi hiyo. Ukikuta mmea usioujua unaoenea haraka, toa taarifa kwa afisa ugani wako. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake makuu Arusha, na kazi yake ni pamoja na hii. Ethiopia na Afrika Kusini wameachia mbawakawa mdogo kutoka Mexico anayekula gugu karoti, baada ya kumpima kwa makini. Wataalamu wetu wapewe fedha za kufanya kazi ya namna hiyo kwa uangalifu uleule.

Nne, tuache kuchoma milima. Moto hausafishi magugu haya. Unayapa mwanga, unayapa majivu, na mengine unayaamsha.

Tano, waongozaji na wapagazi wa Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya wawafundishe wageni kupiga brashi viatu vyao kabla ya kuingia hifadhini. Brashi moja langoni na dakika moja ya kila mgeni si gharama kwa yeyote.

Na kwa wenye vitalu vya miche, nawaomba neno moja: kabla ya kuuza mti mgeni kwa mtu wa mlimani, ulizeni kwanza kama umewahi kusumbua mahali pengine. Mti ulioshindikana katika milima ya nchi nyingine hautatuhurumia sisi.

Mvua za masika zijazo zitaotesha mbegu zote zilizoko ardhini, za asili na za kigeni. Kabla hazijaanza, tembea kando ya barabara ya kijiji chako, angalia kwenye mitaro na kingo, na ukiona gugu usilolijua, usipite. Waite jirani zako mling'oe siku hiyohiyo.